Kabla Hujatoboa Kitako: Ushauri kwa Mwenye Bunduki ya Zamani Isiyo na Mkanda

Mvua ya saa nane ilikuwa imeanza kupiga mabati ya karakana yangu hapa Silibwet mteja alipoingia, akajipangusa uso, akatoa simu mfukoni. Ni mtu mzima mwenye shamba lake la chai upande wa Tenwek, si mtu wa maneno mengi.

"Mzee, nimekuja na swali. Kitu chenyewe nimekiacha kabatini, nimekifungia."

"Hapo umefanya la maana," nikamjibu. "Ungekuja nacho ningekurudisha hapo hapo mlangoni."

Akanionyesha picha. Ilikuwa bunduki ya risasi moja moja, ya kazi ya mkono, kitako cha mti wa mjozi uliokolea rangi kama chai ya rangi, nakshi za miraba pale pa kushikia, na kipande cheusi cha pembe kwenye ncha ya mbao ya mbele. Iliagizwa Uingereza kabla ya uhuru, ikapita mikono miwili mitatu, na sasa iko mikononi mwake kihalali, cheti kina jina lake. Tatizo lilikuwa moja: haikuwa na mahali pa kufungia mkanda. Juma lililopita, akipanda kijia cha udongo mwekundu kuelekea uwanja wa shabaha, mkono mmoja umebeba bunduki na mwingine sanduku la vifaa, aliteleza. Alichagua kuangukia kiwiko ili mbao isipasuke. Kiwiko kilikuwa bado kimefungwa bandeji.

"Nimenunua pete mbili na skrubu zake. Niambie tu, nitoboe wapi?"

Mimi ni seremala. Kuanzia 1971 hadi 1977 nilikuwa kijana wa mbao katika karakana ya bunduki iliyosajiliwa Nairobi. Kazi yangu ilikuwa kuziba nyufa, kuchonga vitako, kupaka mafuta, na kufunga pete za mkanda. Mei 1977 serikali ilipopiga marufuku uwindaji, wateja walikatika, nikarudi nyumbani kutengeneza vitanda na milango. Lakini mkono haukusahau. Niliyomwambia mteja yule ndiyo ninayoyaandika hapa, kwa sababu nimegundua kuwa bunduki za aina hii hazikuisha zote, na wenye nazo hukimbilia drili kabla ya kukimbilia akili.

Karatasi kwanza

Kenya silaha hairithiwi kama ng'ombe. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inatoa cheti kwa mtu na kwa bunduki yake, na Bodi ya Leseni za Silaha ndiyo yenye kauli. Baba akifariki, cheti chake hakihamii kwa mwanawe pamoja na funguo za kabati. Kama una bunduki ya marehemu nyumbani na karatasi bado zina jina lake, usifikirie pete wala mkanda. Nenda kwa polisi ukaeleze, upewe utaratibu. Pete zitangoja.

La pili ni la mafundi wenzangu. Kazi ya kutengeneza bunduki ya mtu ni ya mfanyabiashara wa silaha aliyesajiliwa. Seremala wa Silibwet, Kapkoros au Litein, hata kama amechonga kabati la padri na mimbari ya kanisa, hana ruhusa ya kubaki na bunduki ya mteja usiku mmoja, wala saa moja. Usimwachie. Usimtie majaribuni kwa kumwambia ni kazi ya dakika kumi. Unachoweza kumletea ni picha, vipimo na maswali, kama alivyofanya mteja wangu. Kazi yenyewe ifanyike kwa aliyesajiliwa, na wewe ukiwepo kama inawezekana.

Mbona basi niwaeleze wenye bunduki jinsi ya kutoboa? Kwa sababu hiyo hiyo. Nimeona bunduki ya thamani ikiharibiwa na fundi mwenye leseni ukutani, kwa kuwa mwenye mali hakujua aulize nini. Ukijua kazi inavyotakiwa kwenda, utasimama mbele ya meza yake ukiwa mteja, si mtazamaji.

Kwa nini haina pete?

Hili ni swali ambalo watu hulipita mbio. Wanadhani aliyeitengeneza alisahau. Bunduki ya kuagizwa ilipimwa kwa mwili wa mtu mmoja: urefu wa mkono wake, upana wa bega, jicho analolengea. Fundi aliyehesabu hata jinsi mifereji ya skrubu itakavyolala yote kwa mstari mmoja hakusahau kitu kikubwa kama mkanda. Kama hakuweka, alikuwa na sababu.

Mara nyingi sababu ilikuwa msitu. Baadhi ya bunduki nzito za mitutu miwili, zile za tembo na nyati, zilitengenezwa bila mkanda makusudi, kwa kuwa mkanda hunasa kwenye matawi wakati usiotakiwa. Na mwenyewe hakuibeba. Theodore Roosevelt alipokuja nchi hii 1909 kwa safari yake ya kuwinda, bunduki zake zilitembea mabegani mwa wabeba bunduki Waafrika, hatua moja nyuma yake. Tusifichane: bunduki nyingine hazikuwekewa mkanda kwa sababu mkanda wake alikuwa binadamu. Wewe leo huna mbeba bunduki, wala hupaswi kuwa naye, ndiyo maana unahitaji pete.

Bunduki nyepesi za mtutu mmoja zenye bolti, hasa zile zilizojengwa kwa mtambo wa Mauser wa 1898, nyingi zilikuwa na pete tangu kuzaliwa. Kama yako ni ya aina hiyo na haina, shuku jambo moja: labda ilikuwa nazo zikaondolewa. Lishike hilo, tutalirudia.

Soma mbao kabla ya kupima

Mwombe fundi ahakikishe, au hakikisha wewe mwenyewe, kwamba bunduki haina risasi. Bolti ifunguliwe, chumba kitazamwe kwa jicho na kuguswa kwa kidole, na risasi zikae chumba kingine kabisa. Hakuna kazi ya mbao inayoanza kabla ya hapo.

Kisha pangusa upande wa chini wa kitako kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya kitani, uisogeze mbao kwenye mwanga wa dirisha kwa pembe. Unatafuta vitu vinne.

Kwanza, duara dogo lenye rangi tofauti. Hilo ni tundu la zamani lililozibwa. Pili, nyuzi za mbao zinaelekea wapi. Pale ambapo nyuzi zinakata kwenda ukingoni, skrubu hugeuka kabari na mbao hupasuka mvua ya kwanza. Tatu, nakshi za miraba. Usitoboe kamwe ndani ya nakshi, zilichongwa mstari baada ya mstari kwa mkono na hakuna atakayezirudisha kwa bei yako. Nne, kile kipande cha pembe kwenye ncha ya mbele. Pembe haishiki skrubu, inapasuka kama kucha. Tundu la mbele lazima likae kwenye mbao, nyuma ya pembe, na umbali wa kutosha kutoka kwenye mshono.

Ukiwa hapo, angalia pia skrubu za kufungua mbao kutoka kwenye chuma. Mifereji ya skrubu za zamani ni myembamba kuliko bisibisi za dukani. Bisibisi nene itaruka na kuacha mkwaruzo utakaosimulia ujinga huo miaka mia. Fundi mwenye heshima huchonga ncha ya bisibisi iingie mfereji ule hasa. Ukiona anachukua bisibisi ya kwanza aliyoiona, sema asante, chukua mali yako uende.

Njia tatu, na ipi yako

Njia ya kwanza ni kigingi kifupi cha chuma chenye tundu la ubavuni, kinachozamishwa kwenye mbao kwa skrubu. Pete ya mkanda ina pini ya kupita kwenye tundu lile na kujifunga, na unaweza kuitoa kwa vidole. Ni rahisi, ni ya kisasa, vifaa vyake vinapatikana, na ukivua mkanda kinabaki kigingi kidogo tu.

Njia ya pili ni pete ya kudumu, iliyoshikwa kwa bamba au jicho la skrubu, kama walivyofanya mafundi wa Ulaya. Inapendeza kwenye bunduki ya umri huo, lakini haitoki, na hulialia ukitembea.

Njia ya tatu ni ya mbele tu: bangili ya chuma inayozunguka mtutu wenyewe, mbele ya mbao. Bunduki nyingi za Uingereza za mtutu mmoja zilipewa bangili hii, na si kwa urembo. Bunduki yenye mrusho mkali hukupiga nyuma, na mkono wako wa mbele unateleza kwenda mbele. Kigingi kikiwa kwenye mbao karibu na mkono, kitakuchana kidole cha kati. Bangili ikiwa juu ya mtutu, mkono hauifikii.

Ushauri wangu kwa bunduki ya zamani ya kazi ya mkono ni huu: nyuma tumia kigingi, mbele tumia bangili, ikiwezekana ya kukaza kwa skrubu, isiyotiwa lehemu. Bangili ya kukaza inaweza kutoka kesho bila kuacha kitu zaidi ya alama hafifu. Tundu halitoki. Katika kitu ambacho thamani yake iko katika kutoguswa, anza na lile unaloweza kulirudisha nyuma.

Kama fundi atasisitiza lehemu, muulize ni lehemu gani. Lehemu laini ya bati huyeyuka kwenye nyuzi joto 200 hivi, na chuma cha mtutu hakitajali. Lehemu ya fedha inataka zaidi ya nyuzi 600, na hapo unachezea ugumu wa chuma kinachozuia mlipuko karibu na uso wako. Na kama bunduki yako ni ya mitutu miwili, jibu ni hapana. Mitutu ile na ubavu wake imeshikana kwa lehemu laini, na moto wa kufunga bangili unaweza kuilegeza. Kwa bunduki hiyo, bangili ya kukaza, au ibaki bila mkanda.

Kupima

Nyuma, katikati ya kigingi ikae kama sentimita 6.5 kutoka ncha ya chini ya kitako, kwenye mstari wa katikati. Karibu zaidi na ncha, mbao ni nyembamba na itapasuka. Mbali zaidi, bunduki itaning'inia kichwa chini kama kuku wa sokoni.

Mbele, kama lazima iwe kwenye mbao, wengi huweka sentimita 5 hadi 8 nyuma ya ncha. Mimi siamini sana rula hapa. Mwenye bunduki aishike kama anayelenga, macho yafumbwe, mkono wa mbele utulie unapopenda. Mtu mwingine aweke alama ya kipande cha tepu mbele ya kidole cha mbele. Kutoka hapo acha upana wa vidole vinne. Ikiwa vidole vinne vinakupeleka kwenye pembe au nje ya mbao, bunduki yenyewe imekwambia inataka bangili.

Mstari wa katikati ndio unaowashinda wengi. Kitako si ubao wa mstatili, kina mkunjo, na jicho hudanganywa na rangi ya mbao. Bana bunduki kwenye jiliwa lenye ngozi au kitambaa kizito, upande wa chini ukitazama juu. Vuta uzi kutoka katikati ya kilinzi cha kifyatulio hadi katikati ya bamba la kitako. Tazama kutoka juu, kisha kutoka nyuma, kisha zunguka ukatazame kutoka upande wa pili. Bandika tepu ya karatasi, chora mstari juu ya tepu, na toboa kupitia tepu hiyo hiyo. Tepu huzuia mbao kuchanika ukingoni.

Kutoboa

Sasa niseme la aibu yangu. Mwaka wangu wa pili Nairobi nilipewa bunduki ya mteja, kigingi cha mbele, kazi ya asubuhi moja. Niliweka alama vizuri, nikapima vizuri, nikatoboa. Sikuweka alama ya kina kwenye ncha ya keekee. Ncha ilipita mbao ikatokea kwenye mfereji wa mtutu, na skrubu nilipoikaza iligusa chuma. Mwenye karakana hakunipigia kelele. Alichukua bunduki, akaitazama, akaiweka mbele yangu, akaenda kunywa chai. Ile chai yake ndefu nimeibeba mpaka leo.

Kwa hiyo: kabla ya kutoboa, funga tepu kwenye ncha kwa kina unachokitaka, na tepu ikigusa mbao, acha. Kina hicho kipimwe kutokana na skrubu yako na unene wa mbao pale hasa, si kwa kukisia.

Ukubwa wa ncha ni suala la kupima pia. Skrubu ina unene wa aina mbili: wa meno na wa kiini. Tundu lifuate kiini. Skrubu yenye meno ya milimita 5 na kiini cha 3.5 inataka tundu la 3.5, kwa mti mgumu kama mjozi. Tundu dogo kuliko hapo, mbao itapasuka au skrubu itakatika na kubaki ndani. Kubwa kuliko hapo, meno hayatapata cha kuuma. Jaribu kwanza kwenye kipande cha mti mgumu kinachobaki karakanani. Fundi anayekataa kujaribu kwenye kipande kingine anajaribu kwenye mali yako.

Anzia tundu kwa ncha ya msumari mkali ili keekee isitembee. Mimi hupendelea drili ya mkono kuliko ya umeme: unausikia mti. Ikiwa kigingi kina mabega, chimba mdomo mpana wa kina kidogo tu ili kikae sawa na uso wa mbao bila kuning'inia. Kabla ya skrubu kuingia, paka nta ya nyuki kwenye meno yake. Nta ya nyuki hatukosi huku. Kisha pitisha msumari kwenye tundu la kigingi uuzungushe kama mpini, taratibu. Koleo litaacha meno yake kwenye chuma. Kituo cha mwisho ni tundu la kigingi kulala kwa upana, kukatiza mstari wa mtutu. Likipita kidogo, usirudishe nyuma ukikazana, ongeza washa nyembamba.

Mbele ni hadithi nyingine. Mbao ya mbele ni nyembamba na skrubu ya mbao haina pa kushika. Pale tundu lipite makusudi, na itumike skrubu ya nati, nati ikizamishwa kwenye mfereji wa mtutu, chini ya uso wake. Baada ya kukaza, pitisha kipande cha karatasi kati ya mtutu na nati. Karatasi ikikwama, nati inagusa, na bunduki yako itapiga kila siku mahali pake papya. Nati inayousukuma mtutu huvuruga ulengaji.

Kila tundu likimalizika, ndani yake lipakwe mafuta ya kitani au vanishi kabla ya skrubu ya mwisho. Uso wa kitako una ngozi yake ya mafuta ya miaka. Tundu jipya ni jeraha lisilo na ngozi, na mvua ya Bomet italipata.

Ndoo ya lita 10

Usijaribu kazi kwa kutundika bunduki begani na kutumaini. Kitako kikiwa kimebanwa vizuri kwenye jiliwa, kifungie mkanda kwenye kigingi cha nyuma, na kwenye mkanda tundika ndoo ya maji ya lita 10. Hiyo ni kilo 10, na bunduki ya aina hii kwa kawaida ni kilo 4 hivi. Iache saa nzima. Rudi, tazama ukingo wa tundu kwa mwanga wa pembeni. Ukiona ufa wa unywele, umeuona karakanani, si kwenye kijia cha mteremko. Fanya vivyo hivyo kwa mbele.

Mkanda wenyewe

Wazee wetu Wakipsigis walibeba podo la mishale kwa mshipi wa ngozi, na walijua ngozi inataka kulishwa. Mkanda wa ngozi kwa bunduki ya zamani unafaa, upana wa milimita 22 hadi 25, na pete zinunuliwe kwa upana huo huo. Pete pana kwa mkanda mwembamba hukunja ngozi na kuila. Lakini hapa kwetu unyevu hauondoki. Ngozi iliyofungwa kwenye bunduki ndani ya begi huota ukungu, na palipo na shaba hutoa kijani kinachokula ngozi na kuchafua mbao. Ukirudi, vua mkanda. Ukaushe kivulini, upake mafuta mara chache kwa mwaka, uutundike peke yake. Begi lenye sponji ndani ni la kusafiria tu. Bunduki ikilala humo na unyevu, asubuhi utakuta kutu.

Mkanda wa turubai ni wa bei nafuu, haubadiliki kwa mvua, na kwa watu wengi unatosha. Hauna heshima ya ngozi kwenye mti wa mjozi, lakini heshima haishiki bega lenye jasho.

Na mkanda si ruhusa ya kutembea na bunduki barabarani mbele za watu. Hii ni nchi ambayo wazee bado wanasimulia msafara wa kijeshi wa Waingereza huko Sotik mwaka 1905, na jinsi watu wetu walivyopigwa risasi. Mkanda ni wa uwanja wa shabaha na wa pale uliporuhusiwa. Kwenye gari na boda boda, bunduki ikae ndani ya begi, haina risasi, bolti imefungwa mahali pake.

Tundu la zamani

Mteja wangu alisikiliza yote haya huku mvua ikipungua. Mwisho nikamwomba jambo moja: arudi nyumbani, apanguse upande wa chini wa kitako kwa mafuta ya kitani, apige picha dirishani kwa mwanga wa pembe, anitumie.

Picha ilifika jioni. Sentimita sita na nusu kutoka ncha, juu ya mstari wa katikati, kulikuwa na duara dogo, jeusi kidogo kuliko mti uliolizunguka. Mtu fulani, miaka mingi iliyopita, aliondoa pete na kuziba tundu kwa kijiti cha mjozi, akapaka mafuta mpaka likafichika. Mbele, mtutu ulikuwa na mstari hafifu uliouzunguka, pale rangi ya bluu ilikuwa changa zaidi. Zamani palikuwa na bangili.

Alikwenda kwa mfanyabiashara aliyesajiliwa Nairobi na karatasi ya vipimo mkononi. Kijiti cha zamani kilitolewa kwa keekee, kigingi kikaingia tundu lile lile, na mbele ikawekwa bangili ya kukaza juu ya alama ya bangili ya kwanza. Hakukuwa na tundu jipya hata moja.

Basi, ndugu mwenye bunduki ya zamani, kabla hujanunua skrubu, chukua kitambaa na mafuta ya kitani, usimame dirishani, utafute tundu la zamani.